Tuliyoyapanga na Yaliyotukuta: Tanzania katika Mwaka 1977

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, wanafunzi na wananchi wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie mwaka mmoja katika historia ya nchi yetu, na bila shaka wengi wenu mlitarajia nichague 1961, mwaka wa Uhuru, au 1964, mwaka wa Mapinduzi na Muungano. Nimechagua 1977. Chama kinachotawala, Katiba inayotumika hadi leo, shirika la ndege la taifa, shirika la reli, pamoja na vyombo vilivyozaa posta, simu na bandari tunazozijua, vyote vina mizizi katika mwaka huo mmoja. Lakini havikuzaliwa kwa namna moja. Vingine viliandaliwa kwa vikao, kamati na gwaride. Vingine viliundwa mbio mbio kwa sababu kile kilichokuwepo kilikuwa kimevunjika na wananchi walikuwa wanasubiri treni, barua na ndege. Dai langu ni kwamba tumezoea kuukumbuka mwaka ule kwa yale tuliyoyapanga, ilhali Mtanzania wa kawaida aliguswa mapema zaidi, na pengine kwa undani zaidi, na yale yaliyotukuta.

Nianze na yaliyopangwa. Tarehe 5 Februari 1977 Tanganyika African National Union na Afro-Shirazi Party zilikoma, na mahali pake pakazaliwa Chama Cha Mapinduzi. Tarehe hiyo haikuokotwa. Afro-Shirazi ilikuwa imeundwa tarehe 5 Februari 1957, na Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, hivyo kwa siku moja Zanzibar ilipewa kumbukumbu ya chama chake na Bara ikapewa kumbukumbu ya siasa yake. Huo ulikuwa ustadi wa kisiasa, na ni vema tuutambue kama ustadi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amelipeleka wazo la kuunganisha vyama mbele ya wanachama tangu 1975, matawi yakaulizwa maoni, na mnamo Januari 1977 mikutano mikuu ya vyama vyote viwili ikaketi pamoja Dar es Salaam na kukata shauri. Mwalimu akawa Mwenyekiti wa chama kipya, Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, akawa Makamu wake, na Pius Msekwa akawa Katibu Mtendaji Mkuu wa kwanza.

Mtu ambaye ningependa tumtazame kwa karibu zaidi, hata hivyo, ni Sheikh Thabit Kombo. Kamati iliyoandaa katiba ya chama kipya ilikuwa na wajumbe 20, kumi kutoka kila upande, na yeye ndiye aliyeiongoza. Miaka ishirini kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa viongozi wa Shirazi Association waliokubali kuungana na African Association ya Abeid Amani Karume, na muungano ule ndio uliozaa Afro-Shirazi. Kwa hiyo mzee huyo alisimama katika milango miwili ya tarehe ileile: alikuwepo chama kilipoundwa kwa kuunganisha vyama, na alikuwepo chama hicho kilipovunjwa ili kuunganishwa tena na kingine. Sijui kama yupo mwanasiasa mwingine wa Afrika Mashariki aliyepewa kazi ya kukizika kwa heshima chama alichosaidia kukizaa, na akaifanya bila kishindo.

Hesabu ya kumi kwa kumi ilikuwa na maana yake. Visiwa vyenye watu wachache mno wakilinganishwa na Bara vilipata nusu ya viti vya kamati, jambo linaloonyesha kwamba waliokuwa wakiungana walitendeana kama pande mbili na si kama mkubwa na mdogo wake. Lakini mezani kulikuwa na kitu kikubwa kuliko viti. Tangu 1975 mabadiliko ya Katiba yalikuwa yametamka wazi kwamba chama ndicho chenye mamlaka ya juu katika nchi, ile tuliyozoea kuiita siasa ya chama kushika hatamu. Chini ya utaratibu wa namna hiyo, anayeunganisha chama ameunganisha mahali ambapo maamuzi yote makubwa hufanyikia. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilibaki na mambo yake, lakini viongozi wake sasa waliwajibika katika vikao vya chama kimoja cha nchi nzima. Uzito wa jambo hilo ulionekana Januari 1984, pale Jumbe, aliyekuwa mmoja wa waasisi wakuu wa chama hicho, alipojiuzulu nyadhifa zake katika kikao cha chama kilichofanyika Dodoma, baada ya mvutano juu ya muundo wa Muungano. Upande wa pili wa sarafu haupaswi kufichwa: ni baada ya 1977 ndipo Zanzibar, iliyokuwa ikiendeshwa na Baraza la Mapinduzi tangu 1964, ilipopata Katiba yake mwaka 1979 na Baraza la Wawakilishi mwaka 1980.

Kutoka kwenye chama tunaingia kwenye Katiba, na mlango ni uleule. Kwa miaka 12 nchi ilikuwa imeendeshwa kwa Katiba ya Muda ya 1965. Chama kilipokwisha kuunganishwa, Rais aliteua tume ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo kuandaa mapendekezo ya Katiba ya kudumu, Bunge likageuzwa kuwa Bunge Maalumu, na tarehe 25 Aprili 1977 Katiba ya Jamhuri ya Muungano ikapitishwa. Kazi nzima ya kutengeneza sheria mama ya nchi, kuanzia tume hadi kura, haikuzidi miezi miwili. Sikuitaja kasi hiyo kwa kejeli. Katika mantiki ya mfumo wa chama kimoja, mjadala ulikwishafanyika ndani ya chama, na Bunge lilikuwa linaupa sura ya sheria. Hata hivyo msikilizaji wa leo ana haki ya kushangaa kwamba waraka ulioandaliwa kwa wiki chache ndio tunaoutumia bado, ilhali ule ulioandaliwa kuanzia 2012 na Tume ya Jaji Joseph Warioba, baada ya kuzunguka nchi nzima, uliishia kuwa Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ambayo haijafikishwa kwenye kura ya maoni.

Ni kweli kwamba Katiba ya 1977 tunayoisoma leo siyo ile iliyopitishwa siku ile. Haikuwa na sura ya haki za binadamu. Hiyo iliingizwa mwaka 1984. Ilitambua chama kimoja tu, hadi marekebisho ya 1992. Imeshonwa na kutiwa viraka mara nyingi, lakini kitambaa ni kilekile.

Mwaka uleule uliwaleta mbele watu wawili ambao majina yao yangekuja kuwa makubwa. Tarehe 13 Februari 1977, siku nane tu baada ya kuzaliwa kwa chama, Edward Moringe Sokoine wa Monduli aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu akiwa na umri wa miaka 38. Alimpokea Rashidi Kawawa, mtu aliyekuwa bega kwa bega na Mwalimu tangu enzi za kudai Uhuru, na ambaye sasa alikwenda kuishika Wizara ya Ulinzi, yaani wizara ileile aliyotoka Sokoine. Kwa wengine kubadilishana huko kulionekana kama mzee kusogezwa pembeni. Lakini majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, Kawawa alikuwa Ulinzi na Sokoine alikuwa mtendaji mkuu wa Serikali anayeijua Ulinzi kwa ndani, na nadhani nchi ilinufaika kwa kuwa na wote wawili mahali walipokuwa.

Mtu wa pili ni Francis Nyalali, aliyeteuliwa kuwa Jaji Mkuu mwaka huohuo akiwa na miaka 42, na akabaki katika kiti hicho hadi mwaka 2000. Hapa historia ilifanya jambo ambalo wapangaji wa 1977 hawakulikusudia. Mwaka 1991 Nyalali alipewa kuongoza tume ya kukusanya maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na bado tume yake ikapendekeza vyama vingi, kwa hoja kwamba wale wachache waliotaka mabadiliko walikuwa na haki ambayo wingi wa wenzao haukuweza kuifuta. Msingi mkuu wa mwaka 1977 uling'olewa na Jaji Mkuu wa mwaka 1977. Nimtaje pia Julie Manning, ambaye tangu 1975 alikuwa Waziri wa Sheria, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuwa mawaziri kamili katika nchi yetu. Vitabu vyetu vya shule humpita kwa haraka mno.

Sasa niyageukie yaliyotukuta, na hapa nitakaa kwa muda mrefu zaidi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kazi Desemba mwaka huo, makao yake makuu yakiwa Arusha. Vijana wengi hudhani kwamba ilikuwa klabu ya marais. Ilikuwa zaidi ya hapo. Reli zilikuwa za Jumuiya, makao makuu Nairobi. Ndege zilikuwa za Jumuiya, makao makuu Nairobi. Posta na simu zilikuwa za Jumuiya, makao makuu Kampala. Bandari nazo, makao makuu Dar es Salaam. Ukituma barua kutoka Tabora, ukipanda treni Kigoma, ukishusha mzigo Tanga, uliyekuwa unamlipa alikuwa shirika la nchi tatu. Utabiri wa hali ya hewa, utafiti wa maradhi na rufaa za mwisho za mahakama navyo vilikuwa huko huko.

Kwa nini ilivunjika? Jibu tulilofundishwa ni itikadi, kwamba Kenya ilichagua ubepari na sisi ujamaa, na hakika maneno makali yalirushwa pande zote mbili; neno nyang'au lilipata kazi nyingi katika hotuba na magazeti ya kwetu. Jibu la pili ni Amin, kwamba baada ya mapinduzi yake ya Januari 1971 Mwalimu alikataa kuketi naye, na Mamlaka ya Jumuiya, yaani kikao cha marais watatu, hakikukutana tena. Yote mawili ni kweli, lakini naona kiini kilikuwa mahali pasipo na mvuto wa kusimuliwa: fedha. Mashirika yalikusanya mapato katika nchi tatu zenye sarafu tatu, na makao makuu yalitegemea kila nchi ipeleke sehemu yake. Uhaba wa fedha za kigeni ulipozidi katikati ya miaka ya 1970, kila nchi ikaanza kuchelewesha au kuzuia, kila moja ikiamini kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Malalamiko ya zamani yalikuwa bado yapo: kwamba viwanda na faida vilirundikana Kenya licha ya kodi maalumu ambayo mkataba uliruhusu ili kuwalinda wanyonge, na kwamba malori mazito kutoka Kenya yaliharibu barabara za Tanzania yakielekea Zambia. Jambo la kawaida kabisa ambalo marais watatu wangelimaliza kwa siku mbili lilikaa mezani miaka sita, kwa sababu marais hao hawakuketi.

Kufikia mwanzoni mwa Februari 1977 ndege za East African Airways zilikuwa haziruki tena, na Kenya ilikwisha kuanzisha Kenya Airways. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Angalieni kalenda: ni juma lilelile la Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na nderemo za chama kipya. Wakati Bara na Visiwani zikiimba umoja, lango la mpakani la Namanga lilifungwa, watalii wakakwama na magari yao, na magari na ndege ndogo za kampuni za Kenya zilizokuwa upande wetu zikazuiliwa. Tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, hakukuwa na bajeti ya Jumuiya iliyokubaliwa na wote, na Jumuiya ikakoma. Hapakuwa na sherehe ya kuifunga, wala tangazo la pamoja la kuizika.

Ndipo likaja zoezi la kuunda upya kila kitu. Shirika la Ndege la Tanzania, ATC, lilianzishwa tarehe 11 Machi 1977, likiwa na ndege chache mno, kwa kuwa nyingi za shirika la pamoja pamoja na karakana zake zilikuwa Nairobi. Shirika la Reli Tanzania lilianza na ugumu wa namna hiyohiyo: reli ilikuwa hapa, lakini karakana kuu ilikuwa kule, na njia inayotoka Moshi kupitia Taveta hadi Voi ikafa mpakani. Ni bahati kwamba TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa Julai 1976, haikuwa sehemu ya Jumuiya, vinginevyo nchi ingekuwa na mkasa mmoja zaidi. Bandari zikapata mamlaka yao, na sheria ya Shirika la Posta na Simu Tanzania ikatungwa mwaka uleule. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipokufa, sisi hatukuwa na mahakama yetu ya kupokea rufaa hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoanzishwa mwaka 1979.

Nyuma ya majina hayo ya mashirika kulikuwa na wafanyakazi. Fundi wa treni aliyezaliwa Mwanza na kufanya kazi Nairobi alilazimika kuchagua au kuchaguliwa; karani wa posta aliyeoa Kampala akarudishwa kwao; walioingia kazini wakiwa vijana chini ya Shirika la Huduma za Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo Jumuiya ililirithi mwaka 1967, wakajikuta hawajui nani atawalipa pensheni. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walifika mahakamani, na hata baada ya mwaka 2000 tuliwaona wazee hao wakikusanyika katika barabara za Dar es Salaam kudai haki zao. Waliounda mashirika mapya kwa vifaa vya kuunga-unga, treni zikaendelea kutembea kati ya Dar es Salaam na Kigoma, hawajapata hata siku moja ya kukumbukwa katika kalenda ya taifa. Naliona hilo kuwa ni upungufu wetu, wala si wao.

Mpaka uliofungwa ulibadili hata jiografia ya biashara. Kwa miaka mingi mtalii alishukia Nairobi, akaingia Serengeti akitokea Maasai Mara, akarudi Nairobi, na Tanzania ikabaki na vumbi. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulikuwa umefunguliwa mwaka 1971 kwa tumaini la kubadili njia hiyo, na waliofunga mpaka walitarajia kwamba sasa wageni watashukia huko. Muda mfupi hawakuja; walibaki Kenya. Miaka mingi baadaye ndipo utalii wa kaskazini ulipojengeka kwa miguu yake. Lango la Bologonja, kati ya Serengeti na Mara, halijafunguliwa tena kwa watalii wanaovuka mpaka. Wakati huohuo vijiji vya mpakani, vilivyokuwa na ndugu, masoko na mashamba pande zote mbili, vilifundishwa kwamba kununua sabuni kwa shemeji yako wa Taveta ni magendo.

Mengine ya mwaka ule niyapitie kwa ufupi. Ulikuwa mwaka ambao Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeuweka kuwa kikomo cha kuwapeleka watoto wote shule ya msingi, na walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wengi wao wakiwa waliomaliza darasa la saba na kufundishwa kazi huku wanafundisha, wakabeba mzigo ambao nchi tajiri zaidi zilichukua vizazi kuubeba. Wapo waliowabeza walimu hao, na bado wapo wanaowabeza, lakini wengi wa wanaobeza walijifunza kusoma kwao. Bei ya kahawa duniani ilipanda mno kufuatia baridi kali iliyoharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, hazina ya fedha za kigeni ikavimba kwa kitambo, na uagizaji wa bidhaa ukalegezwa, hata vita ilipokuja akiba ikawa imekwisha kutumika. Mwezi Machi Dar es Salaam iliwapokea Fidel Castro wa Cuba na Nikolai Podgorny wa Umoja wa Kisovieti, na mwezi Agosti Mwalimu akawa mgeni wa Rais Jimmy Carter mjini Washington, akizungumza kwa niaba ya nchi za mstari wa mbele wa ukombozi wa kusini mwa Afrika juu ya Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mwalimu huyohuyo, mwanzoni mwa mwaka, alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha na kukiri waziwazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Ni nadra kwa kiongozi kusema hivyo katika juma la sherehe zake mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie na mkia wa mkasa wa Jumuiya. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kugawanya mali na madeni, na ilimchukua miaka. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mkataba wa mgawanyo ukatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, ulioanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, na dibaji ya mkataba huo ni miongoni mwa nyaraka chache rasmi zinazotaja kwa maandishi kwa nini ile ya kwanza ilikufa. Inataja kukosekana kwa utashi imara wa kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, mgawanyo wa manufaa usiolingana kati ya nchi zenye viwango tofauti vya maendeleo, na kukosekana kwa sera za kutosha za kurekebisha hali hiyo.

Orodha hiyo ni ya kweli, lakini ina pengo. Haisemi kwamba chombo cha juu kabisa kilitegemea watu watatu kukubali kuketi chumba kimoja, na kwamba mmoja wao alipokataa, kwa sababu ambayo mimi binafsi naiona kuwa ya haki, hakukuwa na njia nyingine ya kuamua. Mkataba wa 1999 umeipa Jumuiya mahakama, bunge na baraza la mawaziri lenye nguvu zaidi, lakini katika Mkutano wa Wakuu wa Nchi maamuzi bado hufanywa kwa maafikiano, maana yake kila mkuu wa nchi anaweza kuyazuia. Sasa hawako watatu tena. Wamezidi mara mbili. Ningependa wanasheria walio ukumbini watueleze, tutakapoingia kwenye maswali, mmoja wao akikataa kuketi leo kuna kifungu gani cha kutuvusha.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.